Je, Wajua Kwa Nini Maneno Uliyoyakariri Hutoweka Mbele ya Watahini?

Mwanafunzi wa sanaa za maonyesho ambaye jana usiku aliyasema maneno ya mhusika wake bila kukwama husimama leo mbele ya watahini watatu, hutamka sentensi mbili, kisha hubaki akiwatazama nao wakimtazama. Nusu saa baadaye, akiwa njiani kurudi bwenini, maneno yote humrudia kwa mpangilio wake, hata yale ya wahusika wengine ambayo hakuna aliyemwomba ayajue. Je, katika hiyo nusu saa yalikuwa wapi?

Swali hili nililijibu vibaya kwa muda mrefu. Nilipokuwa nikisoma Iringa, nilikuwa na desturi ya kupanda alfajiri kwenye jiwe la Gangilonga, jina ambalo kwa Kihehe humaanisha jiwe linalosema (nami siku hizo nililichukulia jina hilo kama ahadi), nikiwa na karatasi mkononi na sweta mbili mwilini, na kusoma sehemu yangu kwa sauti mara ishirini. Nilipokwama katika mtihani wa vitendo nilihitimisha kwamba sikusoma vya kutosha, kwa hiyo kwa ajili ya mtihani uliofuata nilisoma mara arobaini. Nilikwama tena, safari hii sentensi moja mapema zaidi. Mwenzangu mmoja aliilaumu baridi ya mwezi wa sita, na mwingine alishikilia kwamba hofu hufuta kumbukumbu kama dasta inavyofuta ubao.

Maelezo ya dasta na yale yangu ya kusoma kidogo yanaonekana kupingana, lakini yana kosa moja: yote yanadhani kwamba kilichokosekana ni maneno. Kama maneno yangekuwa yamefutwa, yasingerudi njiani bila kusomwa upya. Na kama hayakuwa yameingia vizuri, isingewezekana rafiki anitajie neno la kwanza tu la sentensi ya tatu, nami niimalize sehemu iliyobaki bila kuvuta pumzi. Maneno yalikuwemo. Nilichokosa ni namna ya kuyafikia nikiwa peke yangu, na ujuzi huo sikuwa nimeufanyia mazoezi hata siku moja, pamoja na asubuhi zote zile za jiweni.

Msomaji anayeijua barabara ya kutoka Morogoro kwenda Iringa afikirie abiria aliyepita mlima wa Kitonga, wenye kona nyingi, mara arobaini, amekaa dirishani, na kila mara gari likikunja kona anasema moyoni, “Naam, kona hii naijua.” Anasema kweli: anaijua akiiona. Sasa mwombe afunge macho na ataje kona hizo kwa mpangilio, au mpe usukani siku ya ukungu mzito ambao hauonyeshi kitu mbele zaidi ya hatua kumi. Utagundua kwamba muda wote alikuwa akiitambua njia, lakini hakuwahi kuitafuta, kwa sababu dereva alimfanyia kazi hiyo. Dereva aliyepita mara nane tu ana faida ambayo abiria wa mara arobaini hana, kwani kila alipofika penye kona alilazimika kujua kinachofuata kabla hakijaonekana. Kusoma maneno kutoka kwenye karatasi ni kusafiri kama abiria, kwa kuwa karatasi ndiyo inayoendesha. Kuigeuza karatasi, kukwama, kujikamua, na kulipata neno kabla ya kuchungulia ndiko kushika usukani.

Mwaka 2006 watafiti wa Marekani, Roediger na Karpicke, waliwapa wanafunzi habari fupi za kusoma. Baadhi wakarudia kuzisoma, wengine wakajipima kwa kuzikumbuka bila kuzitazama. Baada ya dakika tano waliorudia kusoma walikumbuka zaidi, lakini baada ya wiki moja waliojipima walikuwa wamewapita kwa mbali. Wakati huohuo, waliorudia kusoma ndio waliokuwa na uhakika mkubwa zaidi kwamba wangekumbuka. Kwa maneno mengine, njia iliyo dhaifu humpa mtu ujasiri mwingi, na hapo ndipo nilipotegwa miaka ile yote.

Bado ukungu wenyewe haujaelezwa. Mtu akiogopa, adrenalini hupanda ndani ya sekunde chache, moyo hudunda na mate hupungua kinywani. Nyuma yake hufuata polepole homoni nyingine, kotisoli, ambayo hufikia kilele takribani dakika ishirini hadi thelathini baada ya hofu kuanza. Mwaka 2000 de Quervain na wenzake waliwapa watu waliojitolea vidonge vya kotisoni, ambayo mwili huigeuza kuwa kotisoli, kisha wakawapima kwa maneno waliyojifunza siku iliyotangulia. Uwezo wa kuyataja maneno hayo wenyewe ulipungua, ilhali uwezo wa kuyatambua walipoonyeshwa haukuguswa kwa kiasi cha maana. Huyo ni abiria wetu wa Kitonga: anatambua kila kitu, hataji chochote. Kwa hiyo benchi la kusubiria nje ya mlango, ambapo tuliketi saa nzima tukihesabu majina yaliyobaki kabla ya letu, huenda lilinidhuru kuliko watahini wenyewe.

Hapa pana jambo ambalo hunifurahisha kila ninapolikumbuka. Wanasayansi wa Trier, Ujerumani, walipotafuta njia ya kuaminika ya kupandisha kotisoli maabara bila kumuumiza mtu, mwaka 1993 walichapisha utaratibu ambao mhusika husimama mbele ya jopo lisilotabasamu, huzungumza dakika tano kujinadi, kisha huhesabu kurudi nyuma kutoka 1,022 kwa kutoa 13 kila mara. Ukiondoa hesabu, huo ni mtihani wetu wa uigizaji. Sisi tulilipia ada tukafanyiwe jambo ambalo wenzetu hulitumia kama chombo cha kupimia hofu.

Mwaka 2016 Smith, Floerke na Thomas wa Chuo Kikuu cha Tufts waliunganisha nyuzi hizi mbili kwa watu 120. Waliojifunza kwa kusoma na kurudia kusoma walikumbuka machache zaidi walipotiwa hofu ya aina hiyo, lakini waliojifunza kwa kujipima hawakuonyesha upungufu. Inafaa kutahadhari, kwa kuwa walichokumbuka ni orodha ya nomino na picha, na orodha haina mhusika, haina mwenzako wa kujibizana naye wala jukwaa la kutembea.

Tahadhari kubwa zaidi inahusu mahali. Nilipenda sana kuamini kwamba tatizo langu lilikuwa kukariri jiweni na kutahiniwa darasani, kwani jaribio maarufu la Godden na Baddeley la mwaka 1975 lilionyesha kwamba wapiga mbizi walikumbuka vizuri zaidi mahali walipojifunzia, iwe majini au nchi kavu. Jaribio la kulirudia lililochapishwa mwaka 2021 halikuipata tofauti hiyo, na kwa masikitiko nimeacha kulitaja Gangilonga kama mshtakiwa.

Kuhusu waigizaji wenyewe, Helga na Tony Noice waliowachunguza kwa miaka mingi waligundua kwamba wenye uzoefu hawaanzi kwa kukariri neno kwa neno, bali huuliza kila sentensi inasemwa ili kupata nini kutoka kwa nani, na kwamba maneno yaliyosemwa pamoja na mwendo wa jukwaani hukumbukwa vizuri zaidi kuliko yale yaliyosemwa bila mwendo. Anayejua mhusika wake anamtaka baba mkwe arudishe ng’ombe ana kona ya kuitarajia hata neno likichelewa.

Kwa mtihani wangu wa tatu nilifanya hivyo: karatasi iliachwa bwenini, na rafiki alinianzishia popote katikati ya mchezo, jikoni, njiani kwenda sokoni, hata nikiwa napiga mswaki. Kinywa kilinikauka vilevile na magoti yalitikisika kwa namna ambayo mtahini mmoja aliisifu kama uigizaji mzuri wa uzee.