Ana nukuu ngapi? Dhana potofu kuhusu namba za watafiti wa teknolojia ya lugha

Hapa Unguja, akitajwa mtafiti wa Kiswahili na kompyuta, swali la siku hizi ni moja: ana nukuu ngapi, yaani makala zake zimetajwa mara ngapi na watafiti wengine? Simu inatolewa, Google Scholar, mtandao wa Google wa kutafutia makala za utafiti na kuhesabu nukuu zake, inafunguliwa, namba inasomwa, hukumu inapita. Sina ugomvi na namba zenyewe. Ugomvi wangu ni na yale tunayoyaamini juu yake.

Dhana: Anayenukuliwa sana ndiye mwenye kazi bora.

Kunukuliwa ni kutajwa, basi. Mwaka 1998 jarida la Lancet lilichapisha makala ya Andrew Wakefield iliyohusisha chanjo ya surua na usonji kwa watoto. Mwaka 2010 jarida lenyewe likaifuta. Makala hiyo imetajwa kupita kiasi, na wengi wa walioitaja walikuwa wakiipinga. Teknolojia ya lugha ina sababu yake nyingine: zana na data. Anayefunza modeli, yaani programu inayojifunza lugha kutokana na data, lazima aseme data yake imetoka wapi, kwa hiyo aliyeikusanya hutajwa hata na watu ambao hawakuvuka ukurasa wa kwanza wa makala yake. Kukusanya data ni kazi ngumu na mkusanyaji anastahili kutajwa, ila tusiseme kila aliyemtaja amemsoma.

Dhana: Kipimo cha h kinamaliza ubishi.

Kipimo hiki ni idadi ya makala za mtu ambazo kila moja imenukuliwa angalau mara idadi hiyo hiyo. Kilipendekezwa mwaka 2005 na Jorge Hirsch, mwanafizikia wa Chuo Kikuu cha California, San Diego. Chukua mtafiti mwenye makala sita, zenye nukuu 40, 12, 7, 5, 3 na 1. h yake ni 4, kwa kuwa makala nne zimefikisha nukuu nne au zaidi, na ya tano imeishia tatu. Sasa ile ya 40 ipandishe mpaka 4,000. h bado ni 4! Aliyetumia miaka yake kujenga hazina moja ya matini ya Kiswahili inayotumiwa na kila mtu anaweza kuonekana mdogo kuliko mwenye vimakala kumi vya kawaida. Halafu h haishuki. Mtu anastaafu, anakaa kwake Wete, na h yake inaendelea kupanda. Kumlinganisha kwa h kijana aliyemaliza PhD juzi na profesa wa miaka thelathini kazini ni kulinganisha umri wao tu. Hirsch mwenyewe alionya tangu mwanzo kwamba namba moja haiwezi kumweleza mtafiti mzima.

Na hapo hatujagusa idadi ya waandishi. Makala ya Masakhane, jumuiya ya watafiti wa teknolojia ya lugha za Afrika, ya mwaka 2021, juu ya kutambua majina ya watu, mahali na taasisi katika lugha 10 za Afrika, Kiswahili kikiwemo, ina waandishi zaidi ya 50. Google Scholar humpa kila mmoja wao nukuu zote kamili, haigawi.

Dhana: Namba ya mtu ni moja, popote utakapoitafuta.

Scopus na Web of Science, ambazo nazo ni hifadhidata za makala za utafiti, na Google Scholar kila moja ina hesabu yake. Google Scholar huzoa mengi, hata tasnifu na ripoti. Nyingine mbili huchagua majarida ya kuingiza, na majarida yanayoandika kwa Kiswahili huumia hapo.

Kwetu sisi Wazanzibari kuna shida zaidi, nayo ni majina. Jina letu ni la mtu, la baba na la babu. Mfumo unachukua la mwisho na kulifanya ukoo, mengine unayakata yabaki herufi. Matokeo yake ni kina Ali, S., Juma, A. na Khamis, M. wasiohesabika, na kazi ya mtu wa Chake Chake inaweza kuwekwa kwa daktari wa Cairo asiyemjua. Ongeza na tahajia: Mohamed kwenye makala moja, Mohammed kwenye nyingine, Muhammad kwenye pasipoti. Mashine inaona watu watatu. Dawa ipo na ni bure: namba ya ORCID ya kumtambulisha mtafiti, yenye tarakimu 16, ambayo huibeba popote aendapo. Ajabu ni wangapi hawajajisajili.

Dhana: Makala za mikutano si makala.

Katika fani nyingi ni kweli kwamba jarida lina uzito zaidi. Huku kwenye lugha na kompyuta sivyo: kazi kubwa hutoka kwenye mikutano kama ACL na EMNLP, hupitiwa na wataalamu kabla ya kukubaliwa, na husomwa bure kwenye ACL Anthology, hazina ya mtandaoni ya makala hizo.

Dhana: Asiyenukuliwa hajafanya kitu.

Hii ndiyo inayoniudhi khasa. Mwaka 2010 BAKIZA, Baraza la Kiswahili la Zanzibar, ilitoa Kamusi la Kiswahili Fasaha. Mwalimu wa skuli anaifungua, mtangazaji anaifungua, na hakuna hata mmoja wao atakayeandika tanbihi. Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki alianza mwaka 1985 kujenga SALAMA, mfumo wa kompyuta wa kuchambua Kiswahili. Aliyetumia programu ya namna hiyo kusahihisha barua yake hamnukuu mtu. Na wazee wa Makunduchi, Tumbatu au Micheweni, ambao lahaja zao ndizo zinazorekodiwa, hawana wasifu wowote wa kupandisha.

Tena fani ni ndogo. Wanaoandika juu ya uchambuzi wa Kiswahili kwa kompyuta ni wachache mno ukiwalinganisha na wa Kiingereza, kwa hiyo wa kukunukuu nao ni wachache. Kwa sababu hiyo hiyo, mtu akijinukuu mwenyewe tusimkimbilie kwa maneno. Pengine hakuna mwingine aliyegusa jambo hilo.

Dhana: Makala imetoka kwenye jarida lenye alama kubwa (impact factor), basi ni kubwa.

Alama ile, inayotokana na kazi ya Eugene Garfield, Mmarekani aliyeanzisha faharasa ya nukuu za kisayansi, hupima wastani wa nukuu za jarida zima. Makala chache zilizonukuliwa mno huubeba wastani huo, na nyingi zilizobaki huwa chini yake. Azimio la San Francisco la mwaka 2012, juu ya namna ya kutathmini utafiti, lilitaka isitumike kumpima mtu, wala kuamua ajira na vyeo. Bado utaiona kwenye wasifu wa waombaji, imewekwa pembeni ya kila makala kama alama ya mtihani.