Diski mseto haikuipa deki ya DVD macho mapya

Wengi hudhani diski mseto, ile yenye HD DVD (aina ya diski ya filamu yenye picha ang'avu kuliko DVD) upande mmoja na DVD ya kawaida upande wa pili, ilitoa picha ang'avu hata kwenye deki ya zamani. Sivyo. Deki ya DVD husoma kwa leza nyekundu ya nanomita 650; HD DVD, kama mshindani wake Blu-ray, ilihitaji leza ya nanomita 405, inayosoma vishimo vidogo zaidi vilivyobeba filamu kwenye diski. Kwa hiyo uliona DVD ile ile. Ukikosea upande, deki ilikataa kucheza. Na kwa kuwa pande zote zilisomwa, jina la filamu lilibanwa kwenye kiduara cha katikati, ukodoe macho! Ulichonunua hasa ni subira, mpaka upate deki ya HD DVD. Lakini Februari 2008 Toshiba, kampuni iliyoongoza kuitangaza HD DVD, iliachana nayo.