Breki kwa mguu wa kushoto: kwenye simuleta ndiyo, Thika Road hapana

Mchana nafundisha watu kuendesha gari hapa Nairobi, jioni nafundisha wengine mbio za simuleta, yaani mbio za gari kwenye kompyuta kwa usukani na pedali, na pande zote mbili wananiuliza swali lile lile: breki ni ya mguu gani? Jibu langu halijabadilika. Kwenye simuleta tumia wa kushoto, kwenye gari la kwendea kazini tumia wa kulia. Ila sababu inayotajwa sana siyo yenye uzito zaidi, na ndiyo maana nimeona niandike.

Inayotajwa sana ni muda. Tuseme mguu wa kulia unachukua sehemu ya tano ya sekunde kutoka kwenye mafuta hadi kwenye breki. Ukiwa kwenye kilomita 100 kwa saa, gari linakwenda karibu mita 28 kila sekunde, kwa hiyo zimepita mita tano na nusu kabla hujagusa breki. Hesabu ni sahihi. Lakini dereva wa mbio anaijua kona inayokuja, na mguu wake unajiandaa mapema, kwa hiyo hasara yenyewe ni ndogo kuliko watu wanavyodhani.

Faida kubwa iko pale kona inapoanza. Ukikanyaga breki, uzito wa gari unaegemea mbele, tairi za mbele zinashika lami vizuri, na gari linatii usukani. Ukiachilia breki ghafla, uzito unarudi nyuma na pua ya gari inakataa kugeuka. Ndiyo maana dereva hodari huilegeza breki kidogo kidogo kadiri anavyokata usukani, na mara nyingine, kabla haijaisha, mguu wa kulia umeshaanza kugusa mafuta. Miguu miwili inapokezana bila pengo. Mguu mmoja, hata uwe mwepesi namna gani, lazima uache pengo, na katika pengo hilo gari linayumba.

Madereva wa rali kutoka Finland na Sweden walilifanyia kazi jambo hili miaka ya 1960, wakiwa na Saab na Mini, magari yanayovutwa na magurudumu ya mbele. Walishikilia mafuta kwa kulia huku wakibonyeza breki kwa kushoto. Nguvu ya injini ilizuia magurudumu ya mbele yasijifunge na kuacha kuzunguka, breki ikauma zaidi nyuma, mkia ukalegea, gari likageuka. Mbinu hiyo ungali unaweza kuiona Naivasha, tangu Safari Rally iliporudi kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021. Simama mahali salama karibu na kona, utazame na usikilize kwa pamoja: taa za breki zimewaka, na injini bado inanguruma.

Si kwamba bila mguu wa kushoto hakuna ushindi. Rubens Barrichello alijulikana kwa miaka mingi kuwa dereva wa Formula 1 anayekanyaga breki kwa mguu wa kulia, na alishinda mbio.

Sasa simuleta. Hapa hakuna sababu ya kung'ang'ania wa kulia kama gari unaloendesha halikudai klachi katikati ya mbio. Shida ni kwamba mguu wa kushoto wa dereva wa manuali umezoea klachi: unashuka kwa haraka mpaka mwisho. Ukiupa breki, unaipiga teke. Mwanafunzi wangu hukaa kwanza na gari limesimama, mchoro wa pedali, mstari unaoonyesha breki imekanyagwa kiasi gani, ukiwa kwenye skrini, na namwambia ashike breki nusu, aitulize hapo, kisha aishushe polepole hadi sifuri. Mstari wake hutetemeka mwanzoni. Hatuingii kona yoyote mpaka mstari huo utulie wakati wa kushuka, kwa sababu kukanyaga kwa nguvu kila mtu anaweza. Kazi iko kwenye kuachilia.

Pedali zenyewe zina mchango mkubwa. Za bei nafuu hupima umbali pedali iliposhuka. Zenye sensa ya nguvu hupima uzito wa mguu, na mguu hukumbuka uzito vizuri zaidi kuliko umbali. Kama una pesa ya kuboresha kitu kimoja, anza na breki kabla ya usukani. Na ufunge kiti! Kiti cha ofisi chenye magurudumu kinarudi nyuma kila ukikanyaga, na mguu hauwezi kujifunza chochote juu ya kitu kinachokimbia.

Barabarani mambo ni mengine. Gari la kawaida lina breki inayosaidiwa na mashine, hivyo kiasi kidogo tu cha nguvu kinatosha kukutupa kwenye usukani. Dereva wa mbio amefungwa mikanda inayombana mabega na kiuno; wewe unajishikilia kwa mguu wa kushoto ulioukita sakafuni. Ukiutumia huo kwa breki, hakuna kinachokuzuia, mwili unakwenda mbele na kuongeza uzito kwenye pedali ile ile. Halafu matatu ikukatie ghafla pale Githurai: mtu aliyeshtuka hukanyaga kwa miguu yote miwili. Magari mengi ya kisasa hukata nguvu ya injini breki na mafuta vikikanyagwa pamoja, lakini usilichukulie gari lako la zamani kuwa na mfumo huo.

Kuna pia wale wa otomatiki wanaoegesha mguu wa kushoto juu ya breki safari nzima. Taa zao za nyuma zinawaka muda wote, anayewafuata hajui ni lini wanasimama kweli. Kwenye mteremko wa Mai Mahiu, mguu huo unapasha breki moto mpaka zinapoteza makali. Pale shusha gia, hata kwenye otomatiki.

Anayetaka kuonja mguu wa kushoto kwenye kitu chenye injini halisi aende gokati, vile vigari vidogo vya mbio: breki kushoto, mafuta kulia, na hakuna basi la kukukatia. Akirudi kwenye otomatiki yake, kabla ya kuwasha, aweke mguu wa kushoto pale pa kuupumzishia, na auache hapo mpaka azime.