Betri ya droni haihifadhiwi ikiwa imejaa

Wapiga video wengi wa harusi wana mazoea haya: shughuli ikiisha, betri zote za droni zinachajiwa mpaka zijae, zinafungiwa begini, zinasubiri kazi ijayo hata kama ni mwezi mzima. Wengine, kwa mazoea ya simu za zamani, huzimaliza chaji kabisa kwanza eti zisipoteze uwezo. Yote mawili yanaziua.

Betri hizi ni za lithiamu, hazihitaji kumalizwa. Seli ya kawaida (kila betri ina seli kadhaa ndani) ikijaa hufika volti 4.2, na ikikaa hivyo kwa wiki kadhaa kemikali za ndani huchakaa upesi. Joto ndilo linaloharibu zaidi. Iache kwenye buti la gari juani Dar es Salaam, halafu usishangae ukikuta imevimba tumbo. Ikivimba, usiirushe tena, hata kama bado inawaka. Ikishuka chini ya volti 3 nayo, huenda ikagoma kabisa kuchaji.

Ya kuweka iwe na chaji kama nusu hivi, takriban volti 3.8 kwa seli, mahali pakavu penye ubaridi. Baadhi ya betri za DJI, kampuni ya droni, hujipunguza chaji zenyewe zikikaa siku kadhaa. Fundi asikuambie ni mbovu.

Halafu zamu. Ziandike 1, 2, 3 kwa maka peni, uzitumie kwa mpangilio, maana ile ya juu begini ndiyo huchoka peke yake huku ya chini ikiisha chaji kimyakimya. Ikitoka angani ya moto, iache ipoe kwanza ndipo uichaji.