Topspini haitoki kwenye kifundo cha mkono

Wachezaji wa pikliboli, mchezo wa kupiga mpira wa plastiki juu ya wavu kwa kibao, ninaowafundisha hapa Nakuru, pamoja na wale wanaokuja kutoka Kisumu mwishoni mwa juma, huniletea imani moja kwa maneno karibu yale yale: "Kocha, mpira wangu hauzunguki kwa sababu bado sijajua kuukunja mkono juu yake." Nimeisikia kiasi cha kuona heri niijibu kwa maandishi.

Wanaoishikilia hudhani kwamba topspini, yaani mzunguko wa mpira kuelekea mbele, hupatikana kwa kukizungusha kifundo pale kibao kinapogusa mpira, ili kibao kiufunike na kuuviringisha kwenda mbele. Ukweli ni kwamba mpira hukaa juu ya kibao kwa sehemu chache tu za elfu moja ya sekunde. Mkono unapokuja kujikunja, mpira umekwisha kuondoka, na hakuna madaha yoyote baada ya hapo yanayoweza kuuongezea hata robo mzunguko. Kinachouzungusha ni njia ambayo kibao kimepita hadi kuufikia: kimeanzia chini yake, kinapanda kuelekea mbele na juu, uso wake ukiwa karibu wima au umeinamia wavu kidogo sana, na kwa hiyo kinausugua mgongo wa mpira kwenda juu. Ule mkono uliofika begani mnaouona kwenye video za simu ni mwisho wa mwendo huo, wala si chanzo chake.

Najua tabia hii inakotoka. Uwanja wetu una vipimo sawa na ule wa badmintoni ya wawili wawili, yaani mita 6.1 kwa 13.4, na wengi huingia pikliboli wakitokea huko au kwenye mpira wa meza, michezo inayotegemea sana kifundo. Lakini mpira wa meza una uzito wa gramu 2.7 na hupigwa kwa kibao chenye raba inayoung'ang'ania, ilhali wa kwetu ni wa plastiki ngumu yenye matundu, una gramu 22 hadi 26, na kibao chetu hakina raba. Anayekizungusha kifundo hubadilisha pembe ya kibao katika muda mfupi mno asioweza kuumudu: akiwahi, mpira unaishia wavuni, akichelewa, unatoka nje, naye huhitimisha kwamba hakukunja vya kutosha, akazidisha. Wengine huendelea hivyo hadi wanapoanza kulalamikia kiwiko.

Dawa yangu ni ile ile ambayo wanafunzi wamechoka kuisikia, nayo ni magoti. Yakunje hadi kibao kiwe chini ya mpira bila kuinamisha mgongo, kifundo kiwe kimetulia bila kukakamaa, kisha mwili na mkono vipande juu kwa pamoja. Ili kujipima, chukua mpira mkuukuu, uuzungushie mstari mmoja wa kalamu ya wino mzito, uudondoshe mstari ukiwa wima na kuelekea wavu, uache uruke mara moja, halafu uupige polepole huku mwenzako akiutazama kutoka nyuma yako. Mstari ukibaki wima huku matundu yakififia machoni, umeusugua vyema. Ukiyumbayumba, kifundo kimeingilia kati na kuutia mzunguko wa pembeni. Sioni sababu ya mtu kupiga kwa nguvu kabla mstari huo haujatulia.

Waliotoka tenisi wana kosa lao, nalo ni kutarajia kwamba topspini itaurusha mpira juu ya bega la mpinzani. Plastiki ngumu hairuki hivyo. Faida yake hapa hupatikana angani, kwa kuwa mzunguko wa mbele huifanya hewa iukandamize mpira chini, ukapita juu ya wavu, ambao katikati una sentimita 86 tu, kisha ukashuka miguuni pa mpinzani aliyesimama kwenye mstari wa jikoni, yaani eneo la karibu na wavu ambamo hairuhusiwi kuupiga mpira kabla haujadunda. Hapo analazimika kuupiga kuelekea juu, na usipoutumia mpira huo, topspini yako ilikuwa pambo tu.

Kuhusu vibao vya bei ghali vyenye uso wa kukwaruza, husaidia kidogo, lakini kanuni zinaweka kikomo cha mkwaruzo huo, nao hulika kwa kutumika. Anayepiga moja kwa moja bila kuusugua mpira hatapata mzunguko kwa kibao chochote kile. Kuuzungusha mpira kwa vidole wakati wa kupiga mpira wa kuanzisha (servisi), jambo ambalo bado naulizwa, kulipigwa marufuku kabisa na kanuni za Marekani mwaka 2023. Topspini ya kibao inaruhusiwa, ila ukianzisha kwa kuupiga mpira kabla haujadunda, sharti mkono uwe unapanda na mpira uguswe chini ya kiuno.

Na wageni wetu wa Kisumu waache kuilaumu mipira ya Nakuru. Mji huu uko mita zipatazo 1,850 juu ya usawa wa bahari, na Kisumu karibu 1,130, kwa hiyo hewa yetu ni nyepesi zaidi: inauzuia na kuukandamiza mpira kwa nguvu pungufu. Pigo linaloshuka ndani ya mstari kule huweza kutua nje hapa, ingawa limepigwa vizuri. Mkifika, mwupitishe mpira karibu zaidi na wavu, na mkiache kifundo kama kilivyo.