Tangi tupu ndilo la kuogopa: dhana potofu kuhusu milipuko ya matangi ya ndege

Dhana: Tangi lililojaa pomoni ndilo hatari zaidi.

Hii ndiyo mama wa dhana zote zinazofuata, kwa hiyo tuanze nayo. Mafuta yakiwa kimiminika hayalipuki. Kinacholipuka ni mvuke wake ukichanganyika na hewa kwa kiasi kinachofaa. Tangi likijaa, mvuke hauna pa kukaa. Likibaki karibu tupu, sehemu yote ya juu inageuka chumba cha mvuke na hewa, kinachosubiri cheche.

Chukua safari ya TWA 800, ya shirika la ndege la Marekani lililoitwa TWA. Jioni ya tarehe 17 Julai 1996 ndege hiyo, Boeing 747, iliondoka New York kuelekea Paris. Dakika kama 12 baada ya kupaa ililipuka karibu na pwani ya Long Island, na watu wote 230 waliokuwamo wakafa. Tangi lililolipuka ni la katikati, lile lililo tumboni mwa ndege, baina ya mabawa mawili. Linaweza kubeba zaidi ya lita 48,000. Jioni ile lilikuwa na takriban lita 190 tu, zimetandaa sakafuni kama maji yaliyosahauliwa na mpiga deki. Safari ilikuwa imechelewa, na muda wote huo mitambo ya viyoyozi, ambayo imefungwa chini ya tangi hilohilo, ilikuwa ikifanya kazi na kutoa joto. Yaani sufuria pana, mafuta kidogo, jiko chini yake. Mwaka uliofuata wachunguzi walirusha 747 nyingine katika mazingira yaliyofanana na yale. Kwenye kimo ambapo mlipuko ulitokea, walipima ndani ya tangi joto la kati ya nyuzi 38 na 53 za Selsiasi.

Dhana: Mafuta ya ndege ni jamii ya mafuta ya taa, hayalipuki kirahisi.

Nusu yake ni kweli, na ndiyo maana imedumu. Mafuta ya Jet A, aina inayotumiwa na ndege za abiria, hayatoi mvuke wa kutosha kushika moto mpaka yafike nyuzi 38 hivi, tofauti kabisa na petroli. Lakini kipimo hicho ni cha usawa wa bahari. Ndege inapopanda, mgandamizo wa hewa hupungua, na mafuta huweza kushika moto kwenye joto la chini zaidi. Sasa rudia kusoma zile nyuzi 38 hadi 53 za juu, angani.

Dhana: Ukizuia cheche, umemaliza kazi.

Wahandisi wa ndege waliishi na imani hii kwa miongo mingi. Tangi lilichukuliwa kuwa na mvuke unaoweza kuwaka wakati wowote, basi juhudi zote zikaelekezwa kwenye nyaya, pampu na vipimo vya mafuta, ili visitoe cheche. Mwaka 1990 tangi la katikati la Boeing 737 likalipuka Manila, watu 8 wakafa. Mwaka 2001 likalipuka la 737 nyingine Bangkok, mhudumu mmoja akafa. Ndege zote mbili zilikuwa bado ziko ardhini.

Kuhusu TWA 800, bodi ya uchunguzi ya Marekani, NTSB, ilisema mwaka 2000 kwamba chanzo cha cheche hakikuweza kuthibitishwa kwa uhakika. Iliyoonekana kuwa na uwezekano mkubwa zaidi ni hitilafu ya umeme nje ya tangi, iliyopenyeza umeme mkali kwenye nyaya za kipimo cha mafuta. (Uvumi wa kombora ulizagaa sana, FBI walichunguza kwa miezi 16 na hawakupata ushahidi wa uhalifu wowote.) Mvuke huu hauhitaji cheche kubwa: inayotosha ni ndogo kuliko ile inayokuchoma kidole ukigusa chuma baada ya kuvua sweta la nailoni. Nani atazihesabu zote?

Moto unataka vitu vitatu: kinachoungua, cheche na oksijeni. Mafuta huwezi kuyaacha nyumbani. Cheche tumeona. Imebaki oksijeni, na hapo ndipo gesi ajizi, yaani gesi isiyoshiriki katika moto, inapoingia.

Dhana: Lazima oksijeni yote iondolewe, kwa mitungi mizito ya naitrojeni.

Hewa ya kawaida ina oksijeni karibu asilimia 21. Katika usawa wa bahari, ikishuka hadi asilimia 12, tangi la ndege ya abiria huhesabiwa kuwa salama. Ndege za kijeshi, ambazo huenda zikapigwa risasi, hulenga asilimia 9. Tofauti hiyo ya 3 inaonekana ndogo, ila kwa maoni yangu ndiyo iliyoliokoa wazo zima la kutumia gesi ajizi katika ndege za abiria, kwa sababu iliruhusu mfumo mdogo na mwepesi.

Mitungi haihitajiki pia. Katika ndege nyingi, hewa moto huchotwa kutoka kwenye injini, ikapozwa, ikachujwa, kisha ikasukumwa ndani ya kopo lenye maelfu ya nyuzi nyembamba zenye uwazi katikati kama mrija. Oksijeni na unyevu hupenya kuta za nyuzi haraka na kutupwa nje; naitrojeni, iliyo nzito kupenya, husonga mbele hadi kwenye tangi. Boeing 787 haichoti hewa ya injini kwa kazi hii, inatumia kompresa za umeme. Kazi ngumu zaidi ni wakati wa kushuka: hewa ya nje hujaribu kuingia tangini kupitia matundu ya kupumulia, basi mfumo huongeza kasi ya naitrojeni wakati huo.

Dhana: Injini zitazima kwa kukosa oksijeni.

Hapana. Injini hupata hewa yake kutoka nje, mbele. Tangi huipa mafuta tu.

Dhana: Naitrojeni haina madhara, tunaivuta kila siku.

Tunaivuta ikiwa na oksijeni. Fundi anayeingiza kichwa kwenye tangi lililojazwa gesi hii hasikii harufu wala kubanwa pumzi. Anaweza kuzirai kabla hajajua kuna tatizo. Ndiyo maana tangi hupulizwa hewa safi na oksijeni yake hupimwa kabla ya mtu kuingia, na mwenzake husimama nje akimwangalia.

Dhana: Mfumo huu ukiharibika, ndege hairuki.

Huruka, kwa siku chache zilizowekewa kikomo, kisha lazima utengenezwe. Kanuni ya Marekani ya mwaka 2008, iliyolazimisha ndege kubwa za abiria kupunguza hatari ya mvuke tangini, haikufuta kinga za zamani: nyaya, pampu na vipimo vinaendelea kukaguliwa. Gesi ipo kwa ajili ya ile cheche moja itakayowaponyoka wakaguzi.