Kuchangia kompyuta kwenye mtandao wa AI sio kugawa funguo za nyumba

Kuna hii imani ipo siku nyingi, hata hapa Mwanza utaisikia kwa mafundi, kwamba ukijiunga na ile mitandao ya AI isiyo na mwenye mmoja, ambayo watu wanachangia nguvu za kompyuta zao, basi mashine yako imekuwa shamba la bibi, yeyote anaingia muda wowote na mafaili anafungua. Hofu yenyewe inaeleweka.

Ila kawaida masharti unaweka mwenyewe, kama unavyomwazima mtu mtumbwi pale Kirumba, unamwambia usivuke kisiwa kile na kabla ya magharibi uwe umerudi. Hapa unasema usiku tu, nusu ya memori, kazi za aina hii tu, na kazi ya mgeni inatengewa sehemu yake mbali na mafaili yako. Mwaka 1999 watu walishachangia kompyuta zao kuchambua mawimbi ya redio toka anga za mbali, na programu yake ilikuwa inafanya kazi pale mashine imekaa tu.

Usalama wa asilimia 100 haupo lakini, programu mbovu inaweza ikavunja huo ukuta unaotenga kazi ya mgeni na mafaili yako. Kwahiyo jipimie, fungua orodha ya programu zinazokula prosesa saa ile uliyokataza, cheki bando, halafu soma uniti za luku usiku na asubuhi.